Kabla ya kusema “rezo haiko”, uliza jina linaelekea wapi

Barua ikiandikwa “Kilwa” peke yake haifiki. Iko Kilwa ya pwani ya Tanzania, yenye Kisiwani, Kivinje na Masoko, ambayo magofu yake ya kale yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kiko kisiwa cha Kilwa ndani ya ziwa Moero, upande wa Zambia. Na iko Kilwa ya Congo, ukingoni mwa ziwa hilohilo, katika wilaya ya Pweto, jimbo la Haut-Katanga, umbali wa kilomita kama 350 kaskazini mwa Lubumbashi. Anayetuma gunia la samaki wakavu au bahasha ya vyeti hana budi kuongeza maneno: Kilwa ipi, jimbo gani, nchi gani.

Intaneti nayo ina shida hiyohiyo, na ina dawa yake. Simu na kompyuta hazitafutani kwa majina; zinatafutana kwa namba. Kila tovuti inakaa kwenye mashine yenye namba yake, na kati ya jina analoandika mtu na namba inayotafutwa na simu yake kuna daftari la dunia nzima linaloitwa mfumo wa majina ya vikoa, maarufu kwa herufi tatu, DNS. Daftari hilo likijibu vizuri, hakuna anayelikumbuka. Likijibu vibaya au likinyamaza, mtu hutazama skrini tupu na kusema maneno ambayo kila mkaaji wa Katanga anayajua: “Rezo haiko.”

Kuna siku maneno hayo ni ya kweli. Lakini kuna siku nyingine rezo iko, mega zipo, mnara unafanya kazi, na kilichokosekana ni jibu la jina tu. Kwa kuwa watu wengi hawatenganishi mambo haya mawili, lawama huenda kwa asiyehusika, mwenye kosa hulala usingizi, na anayelipa ni yule aliye mwisho wa barabara. Kutazama rekodi za jina la kikoa si siri ya mafundi. Ni jambo la wazi na la bei ndogo, ambalo kila ofisi, shule, hospitali na chama chenye anwani kwenye intaneti kinapaswa kulifanya kwa ratiba, na ambalo mji kama Kilwa unahitaji walau watu wawili au watatu wanaoliweza.

Jina la kikoa husomwa kutoka mwisho kurudi mwanzo. Mtu akiandika ceni.cd, anwani ya Tume ya Uchaguzi ya Congo, simu yake humtuma mjumbe, ambaye kwa kawaida ni mashine ya kampuni ya simu. Mjumbe huanzia kwenye mzizi wa mfumo, wenye majina 13 ya seva yaliyopewa herufi A hadi M. Mzizi haujui tovuti ya Tume iko wapi, lakini unajua nani amekabidhiwa majina yote yanayoishia na cd. Seva za cd nazo hazijui ukurasa uko wapi, lakini zinajua seva zipi zimekabidhiwa jina ceni. Hizo za mwisho ndizo zinazotoa namba. Ni sawa na msafiri anayeulizia njia: Kinshasa inamwelekeza Lubumbashi, Lubumbashi inamwelekeza Pweto, na Pweto inamwelekeza mlangoni. Mpango huu ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, wakati orodha moja ya majina yote, iliyokuwa ikitunzwa katika faili moja huko California, ilipoanza kuzidiwa na wingi wa kompyuta.

Katika daftari hilo kila jina lina mistari yake, nayo ndiyo huitwa rekodi. Rekodi ya A hutaja namba ya mashine. AAAA hutaja namba ya aina mpya, iliyo ndefu zaidi. NS hutaja seva zenye mamlaka juu ya jina. MX husema barua pepe zipelekwe wapi. TXT hubeba maelezo ya ziada, yakiwemo yanayothibitisha kwamba barua imetumwa na mwenyewe. Kila rekodi ina muda wake wa kukumbukwa, unaohesabiwa kwa sekunde: 300 ni dakika tano, 86400 ni siku nzima. Muda huo ukiwa haujaisha, mjumbe hajisumbui kuuliza upya. Anajibu kwa kumbukumbu.

Hapo ndipo matatizo mengi yanapozaliwa. Ofisi inahama kutoka seva moja kwenda nyingine bila kupunguza kwanza muda wa kumbukumbu. Kwa siku nzima nusu ya wasomaji wanaona ukurasa mpya na nusu wanapelekwa kwenye mashine iliyozimwa. Chama kinabadilisha kampuni inayotunza tovuti yake, lakini juu kabisa, kwenye seva za cd, bado yameandikwa majina ya seva za kampuni ya zamani. Shule inasahau kulipia jina, na siku moja jina linatoweka kana kwamba halijawahi kuwepo. Katika visa vyote vitatu anayetafuta tovuti huona kitu kilekile, ukurasa usiofunguka, na husema neno lilelile.

Namna ya kutofautisha si ngumu. La kwanza ni kujaribu tovuti nyingine mbili au tatu. Zikifunguka, rezo iko, na tatizo ni la jina lile au la mashine yake. La pili ni kuuliza jina lenyewe. Kwenye kompyuta yenye Windows mtu huandika nslookup, kisha jina; kwenye Linux au Mac huandika dig. Mwenye simu tu anaweza kutumia ukurasa wowote wa kukagua DNS. La tatu ni kuuliza tena kwa mjumbe mwingine, asiye wa kampuni ya simu. Google imeweka wake kwa namba 8.8.8.8 tangu 2009, na Cloudflare kwa 1.1.1.1 tangu 2018. Wote wanaulizwa bure.

Baada ya hapo kazi ni kusoma jibu. Likirudi NXDOMAIN, maana yake jina halipo: ama limeandikwa vibaya, ama limefutwa. Likirudi SERVFAIL, maana yake mjumbe alikwenda lakini hakupata jibu la kuaminika: seva zenye mamlaka ni mgonjwa, au sahihi ya kidijitali inayolinda jina imeharibika. Lisiporudi jibu lolote, kuna mtu njiani asiyeitika. Wajumbe wawili wakitoa namba mbili tofauti, inawezekana mmoja anajibu kwa kumbukumbu ya zamani, inawezekana tovuti inakaa kwenye mashine nyingi kwa makusudi, na inawezekana pia kuna anayepindisha majibu. Hapo muda wa kumbukumbu utatazamwa, na swali litapelekwa moja kwa moja kwenye seva zilizotajwa na rekodi ya NS, ambazo ndizo zenye neno la mwisho. Na ikiwa wajumbe wote wanatoa namba moja iliyo sahihi, basi DNS haina kosa: ugonjwa uko kwenye mashine ya tovuti au njia ya kuifikia, na mwenye tovuti aambiwe hivyo.

Yapo pia matatizo ya barua pepe, ambayo huumiza kimyakimya zaidi. Tovuti inaweza kufunguka vizuri huku rekodi ya MX imekosewa, na maombi ya kazi, ankara na ripoti za hospitali zikarudi kwa waliozituma au zikapotea. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinadai kwamba anayetuma barua kwenye masanduku yao awe na uthibitisho katika rekodi za jina lake. Ofisi isiyo na mistari hiyo inaweza kuandika barua nzuri kila siku na zote zikaishia kwenye kapu la taka.

Atatokea wa kusema: Kilwa ina shida ya barabara, ya umeme na ya maji safi, nani ana muda wa kuhesabu rekodi? Swali ni la haki, lakini linageuza mambo. Ni mtu wa Kinshasa au wa katikati ya Lubumbashi anayeweza kupuuza DNS, maana tovuti ya ofisi isipofunguka atapanda basi na kwenda mlangoni. Mtu wa Kilwa hana mlango huo. Kwake tangazo la kazi, fomu ya chuo, matokeo, bei na anwani ya mkaguzi ni vitu vinavyokuja kwa simu, la sivyo vinafuatwa kwa safari ya siku nzima au zaidi, hasa mvua zikiharibu barabara. Akidanganywa na skrini kwamba ofisi “haipo”, hasara yake inahesabiwa kwa nauli, kwa siku za kazi na kwa muda wa mwisho uliopita.

Na kwa upande wa gharama, DNS ni mkarimu kwa maskini. Mfumo ulipoandikwa, jibu lililopita kwa njia ya kawaida liliwekewa mpaka wa baiti 512, na hadi leo swali na jibu vingi ni vidogo kiasi hicho. Picha moja ya WhatsApp inakula mega kuliko maswali mia kadhaa ya namna hiyo. Anayeweza kuuliza jina kabla ya kufungua na kufungua tena ukurasa uliokwama anaokoa fedha yake. Kuuliza si ujinga. Katika jambo hili ni kubana matumizi.

Wa pili atasema: hiyo ni kazi ya wataalamu wa serikali. Jibu la hoja hiyo limo katika historia ya herufi mbili za Congo zenyewe.

Nchi ilipoacha jina la Zaire mwaka 1997, anwani zilizoishia na zr zilianza kufa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 herufi hizo zikaondolewa kabisa kwenye mzizi. Mahali pake zilikuja cd. Majina yote yanayoishia na cd, ya ikulu, ya wizara chini ya gouv.cd, ya Tume ya Uchaguzi, ya benki na ya vyuo, yanategemea seva chache zilizotajwa kwenye mzizi. Baadhi ya seva hizo zilikuwa na majina yaliyoishia na scpt-network.com, jina linalobeba herufi za shirika la posta na mawasiliano la Congo, SCPT. Yaani ufunguo wa nyumba ya taifa ulitundikwa kwenye msumari wa jina la biashara la kawaida, linalosajiliwa na kulipiwa kama jina lolote lingine duniani.

Mwishoni mwa mwaka 2020 mtafiti wa usalama kutoka Sweden, Fredrik Almroth, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Detectify, alikuwa akikagua rekodi za NS za herufi zote za nchi duniani. Hakuvunja kufuli wala kuiba neno la siri. Aliuliza maswali yaleyale ambayo kijana yeyote mwenye kompyuta anaweza kuuliza, na akaona kwamba scpt-network.com lilikuwa limeachwa likaisha muda. Alisubiri kuona kama mwenyewe atalikomboa. Hakulikomboa. Desemba mwaka huo jina likarudi sokoni, na Almroth akalinunua yeye, kabla halijaangukia mikononi mwa mwizi.

Uzito wa jambo hilo haukuwa wa kitaalamu tu. Kwa maelezo yake mwenyewe, jina hilo lilimpa uwezo juu ya nusu ya maswali yote ya DNS yaliyohusu cd. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kujibu maswali hayo kwa namba zake, akawapeleka wateja wa benki kwenye ukurasa wa uongo, akapokea barua za wizara, na hata akaomba vyeti vya usalama vya kuufanya ukurasa wake uonekane halali. Nchi ya watu karibu milioni 90 wakati huo ingesomewa barua zake na mtu aliyelipa ada ya jina moja. Almroth aliziacha seva zake zikae kimya, ili wajumbe wakikosa jibu wahamie kwenye seva nyingine za cd zilizokuwa chini ya mtandao wa SAIX wa Afrika Kusini, zilizoendelea kufanya kazi. Januari 2021 akawaarifu wasimamizi, na katika muda mfupi rekodi za mzizi zikabadilishwa, zikaelekezwa kwenye jina jingine, scpt-network.net.

Congo iliponea. Lakini funzo lake halikuandikwa mahali ambapo mkuu wa shule wa Kilwa au katibu wa ofisi ya Pweto angeliona. Funzo ni kwamba rekodi zilikuwa wazi kwa kila mtu muda wote. Hakuna sheria iliyomzuia Mkongo kuziangalia, na hakuna kifaa cha bei kubwa kilichohitajika. Aliyeziba ufa alikuwa mgeni aliye umbali wa maelfu ya kilomita, kwa hiari yake, na angeweza kuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Ikiwa herufi za taifa zima ziliweza kuponyoka kwa ada moja iliyosahauliwa, jina la zahanati, la ushirika wa wavuvi au la redio ya jamii litaponea wapi?

Wala si Congo peke yake yenye udhaifu huo. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka duniani kwa takriban saa sita. Kampuni ilikuwa na seva nyingi na wahandisi wengi. Kosa katika kazi ya matengenezo lilikata mtandao wake wa ndani, na seva zake za majina zikajiondoa kwenye njia za intaneti. Mashine zilikuwepo, ila hakuna aliyeweza kuambiwa ziko wapi. Siku ile aliyeuliza jina alijua baada ya dakika moja kwamba simu yake haina kosa. Asiyeuliza alizima simu, akaiwasha, akaongeza mega, akalaumu mnara.

Kwa Congo kutofautisha kuna uzito wa kisiasa pia. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini, na ilirudi baada ya wiki karibu tatu. Tangu hapo tovuti yoyote muhimu ikikwama, wapo wanaoamini mara moja kwamba serikali imekata. Shaka hiyo ina sababu zake. Hata hivyo, shaka bila ushahidi inawafaa wawili: anayezima kweli, ambaye atajificha nyuma ya hitilafu, na mzembe asiyelipia jina, ambaye atajificha nyuma ya siasa. Intaneti ikizimwa yote, hakuna jina lolote litakalojibu. Jina moja likipindishwa na mjumbe wa ndani, majina mengine yatajibu, na jina hilohilo likiulizwa kwa mjumbe wa nje litatoa namba tofauti. Jina likiwa limeisha muda, wajumbe wote duniani watasema kwa sauti moja kwamba halipo. Upimaji huu hauoni kila kitu, kwa sababu zipo njia za kufunga tovuti bila kugusa DNS. Lakini unaondoa uvumi mwingi mezani, na mwandishi wa habari au mtetezi wa haki aliyehifadhi majibu hayo pamoja na tarehe na saa ana kitu cha kuonyesha.

Kilwa inajua kuliko miji mingi thamani ya kitu cha kuonyesha. Mauaji ya Oktoba 2004, ambapo watu zaidi ya 70 waliuawa baada ya jeshi kuurudisha mji kutoka kwa kundi dogo la waasi, hayakufahamika duniani kwa kelele za siku moja. Yalifahamika kwa karatasi: uchunguzi wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa, kumbukumbu za kesi iliyosikilizwa na mahakama ya kijeshi, na miaka mingi baadaye uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu dhidi ya dola ya Congo. Leo mjukuu wa aliyekufa akitaka kusoma karatasi hizo, atazitafuta kwenye intaneti, chini ya majina ya vikoa ambayo mtu fulani, mahali fulani, analazimika kuyalipia kila mwaka. Jina likiachwa, karatasi haichomwi wala haifutwi; inakosa mlango tu. Na kwa msomaji wa Kilwa asiye na njia nyingine ya kuifikia, tofauti ni ndogo.

Basi lifanyike nini? La kwanza, kila taasisi ya Haut-Katanga yenye jina kwenye intaneti iandike ukutani, karibu na kalenda ya ofisi, mistari minne: jina ni lipi, limesajiliwa kwa nani, linaisha tarehe gani, na nani ana ufunguo wa kulibadilisha. Mara nyingi mistari hiyo haimo ofisini. Imo kichwani mwa kijana aliyetengeneza tovuti, na kijana huyo amehamia kwingine. Jina liandikishwe kwa taasisi, si kwa fundi. Barua pepe ya usajili isomwe na watu wawili. Na ada ilipwe kwa miaka kadhaa mbele pale inapowezekana.

La pili, seva za majina zisiwe zote kwenye kapu moja. Sheria ya mfumo inataka walau mbili, na maana ya mbili ni kwamba moja ikianguka nyingine ijibu. Seva mbili kwenye chumba kimoja, chini ya umeme mmoja na jina moja lisilolipiwa, ni moja. Herufi cd ziliokoka kwa sababu nusu ya seva zake zilikuwa mahali pengine, chini ya jina jingine.

La tatu, vyuo vya Lubumbashi viwape wanafunzi wao wa informatiki kazi halisi badala ya mazoezi ya kwenye ubao. Mara moja kwa wiki wakague majina ya umma ya jimbo: je, seva zilizotajwa juu ndizo zinazojibu chini? Je, MX ipo? Je, tarehe ya mwisho iko karibu? Kazi hiyo ni halali, maana haiingii kwenye mashine ya mtu. Inasoma kilichobandikwa hadharani. Wakikuta ufa, wawaarifu wenye jina kwa faragha kwanza, kama Almroth alivyofanya. Nchi iliyotia saini Sheria yake ya Dijitali tarehe 13 Machi 2023 haiwezi kuendelea kutegemea wapita njia. Sheria huweka wajibu, lakini hakuna kifungu kinacholipia jina lililosahauliwa.

La nne linaihusu Kilwa yenyewe. Mwalimu mmoja, mtu mmoja wa redio na kijana mmoja wa duka la simu wakijifunza kuuliza jina na kusoma jibu, jambo la alasiri mbili, mji utakuwa na mahali pa kupeleka swali. Mama aliyeshindwa kufungua fomu ya mwanawe hatarudishwa na “rezo haiko”. Ataambiwa: mama, rezo iko, ila jina la ofisi hiyo limeisha tangu Jumatatu, piga simu hii, wala usipande gari. Au ataambiwa: ofisi imehama seva, kumbukumbu ya zamani inaisha kesho saa nne, jaribu tena wakati huo. Hayo ni majibu mawili tofauti kabisa, na kila moja linamwokolea kitu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa DNS una wema mmoja: unaonekana na kila anayetaka kuutazama. Kilwa imezoea kuongeza maneno mawili kwenye bahasha ili isipelekwe Tanzania wala Zambia. Desturi hiyo ya kuhakikisha kwamba jina linaelekea mahali pake sasa inahitajika kwenye simu, na zaidi ya hapo kwenye ofisi za Lubumbashi na Kinshasa zinazotegemewa na simu hizo.